Mbona sura hii hatuisikii kanisani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kwenye jumuiya, kwenye vikundi vya kujifunza Neno na nje ya kanisa baada ya ibada. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye lingine. Mistari iliyotajwa inafuata mpangilio wa Biblia ya Kiswahili ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo bado iko nyumba nyingi.

## Mambo ya msingi

1. Ni kweli makanisa yanaruka sehemu za Biblia, au ni maneno ya watu tu?

Ni kweli, na hakuna kanisa lisiloruka. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Mchungaji akihubiri sura nzima kila Jumapili bila kurudia hata moja, atahitaji karibu miaka 23 kuimaliza. Kuchagua hakuepukiki. Kinachostahili kuulizwa ni kipi kinaachwa kila mwaka, na ni nani anayepumua kwa sababu kimeachwa.

Desturi yenyewe ni ya kale kuliko kanisa lako. Mishna, mkusanyo wa sheria za Wayahudi wa karibu na mwaka 200, inaagiza kwamba kisa cha Reubeni kulala na suria wa baba yake (Mwanzo 35:22) kisomwe sinagogini lakini kisifasiriwe kwa watu. Andiko lilibaki mahali pake. Aibu ikabaki kwa wasomi.

2. Nani anachagua masomo ya Jumapili?

Inategemea unasali wapi. Kwa Wakatoliki masomo yamepangwa kwa Kanisa zima duniani: mpangilio uliotoka mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wenye Dominika za miaka mitatu (Mwaka A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka) na siku za juma za miaka miwili. Padre wa Sumbawanga na wa Mombasa wanasoma somo lilelile siku ileile. Waanglikana na Walutheri nao wana kalenda zao za masomo. Kwa Walutheri wa Tanzania kila Jumapili huja na kichwa chake cha kuhubiriwa.

Kwa Wapentekoste na makanisa mengi huru, mchungaji ndiye kalenda. Anafungua anapoongozwa. Uhuru huo una uzuri wake, ila mtu aliyeachiwa Biblia nzima mara nyingi huishia kwenye mistari ishirini anayoipenda. Kalenda ikiruka, angalau unaweza kuishika mkononi na kuona iliporuka. Mchungaji akiruka, utagundua baada ya miaka kumi.

3. Je, mtu asiyekosa Misa husikia Biblia yote?

Hapana. Padre Felix Just, Mjesuiti wa Marekani, alihesabu mistari. Ukiacha Zaburi pembeni, anayehudhuria Dominika na sikukuu kubwa tu husikia asilimia 3.7 ya Agano la Kale na asilimia 40.8 ya Agano Jipya kwa mzunguko wote wa miaka mitatu. Ukiongeza Misa za kila siku, Agano la Kale hupanda hadi asilimia 13.5 na Agano Jipya hadi 71.5.

Kabla ya kushangaa, jua kwamba misale ya zamani (kitabu cha Misa) ilikuwa na asilimia 1 ya Agano la Kale. Mtaguso uliagiza mwaka 1963 kwamba hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi, na kweli zilifunguliwa. Zilianza chini sana.

4. Nitajuaje kama somo limekatwa?

Tazama namba za mistari kabla ya kutazama maneno. Ukiona mstari wa 14 kisha 16, fungua Biblia yako usome wa 15. Ni kazi ya dakika moja, na hakuna semina itakayokufundisha zaidi yake.

Mifano mitatu kutoka kalenda ya Kikatoliki. Kutoka sura ya 1 husomwa mistari 8–14 kisha 22: Farao anawatesa Waisraeli, halafu anaamuru watoto wa kiume watupwe mtoni. Mistari iliyorukwa ni ya wakunga Shifra na Pua, waliomdanganya Farao usoni na kuokoa watoto. Wanawake wa kwanza kugoma katika Biblia hawapo. Warumi 16 huanza kusomwa mstari wa 3, kwa hiyo Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea anayetajwa mstari wa 1 na wa 2, hasikiki. Na Dominika ya saba ya Pasaka, Mwaka C, husomwa Ufunuo 22:12–14, 16–17, 20. Ndani ya mistari iliyoachwa, wa 18 na wa 19, kuna onyo kali kwa yeyote atakayeongeza au kuondoa maneno ya kitabu hicho. Sidhani aliyepanga alikusudia utani.

## Yanayoleta aibu au machungu

5. Kwa nini hatuhubiriwi habari za Tamari binti Daudi?

Kisa kiko 2 Samweli 13. Amnoni, mtoto wa mfalme, anajifanya mgonjwa kwa ushauri wa binamu yake Yonadabu. Anaomba dada yake Tamari aje ampikie. Tamari anakanda unga mbele yake, anaoka mikate, anamwekea. Amnoni anakataa kula, anawafukuza watu wote chumbani, anambaka. Tamari anajitetea kwa maneno yaliyonyooka, na baada ya kitendo anaambiwa toka, mlango unafungwa kwa komeo nyuma yake. Anajipaka majivu kichwani, anaichana kanzu yake ya kifalme, anakwenda analia kwa sauti. Kaka yake Absalomu anamwambia anyamaze. Baba yake, mfalme, anakasirika sana, na kukasirika ndiyo hatua yote aliyochukua.

Sasa tazama kalenda. Katika Misa za siku za juma, Jumamosi ya juma la tatu la mwaka (mzunguko wa pili) husomwa 2 Samweli 12, Nathani akimkemea Daudi. Jumatatu inayofuata husomwa sura ya 15, Daudi akimkimbia Absalomu. Sura ya 13 na ya 14 zimeanguka katikati. Mwamini anaona mtoto anampindua baba yake bila kujua chanzo, na chanzo ni binti aliyebakwa nyumbani na baba aliyenyamaza. Kalenda ya pamoja ya makanisa mengi ya Kiprotestanti, ya mwaka 1992, nayo inaruka hapohapo.

Sababu inayotolewa ni watoto: ibada ni ya familia nzima. Ina uzito wake (tazama swali la 15). Lakini kisa cha Daudi na Bathsheba husomwa mbele ya watoto haohao. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwa Bathsheba yuko nabii, yuko mwenye dhambi anayetubu, na mahubiri yanajiandika yenyewe. Kwa Tamari hakuna anayetubu. Wanaume wote wanne, mbakaji, mshauri, kaka na baba, wamo ndani ya nyumba moja yenye heshima, na mhubiri lazima aseme jambo kuhusu nyumba zenye heshima zilizoketi viti vya mbele.

Inawezekana kuifundisha. Kituo cha Ujamaa cha Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kilianza miaka ya 1990 kusoma sura hii na vikundi vya wanawake kwa maswali mepesi: ni nani waliomo, kila mwanamume alifanya nini, Tamari alisema nini. Likazaliwa vuguvugu lenye jina la Tamari ambalo baadaye lilifika Kenya pia.

6. Zaburi za laana zimekwenda wapi?

Katika Sala ya Vipindi, kitabu cha sala za kila siku cha Wakatoliki kilichotoka mwaka 1971, Zaburi za 58, 83 na 109 ziliondolewa zote, na mistari ya nyingine ikakatwa. Maelekezo rasmi yanasema sababu ni ugumu wa kisaikolojia. Zaburi ya 137, ile ya mito ya Babeli, inapoimbwa Kwaresima huishia mstari wa 6. Mstari wa 9, unaowatakia watoto wa Babeli kupigwa mwambani, hauimbwi.

Hapa siwalaumu. Mstari ule ukiimbwa bila maelezo katika nchi iliyowahi kuchinjana ni petroli. Ila kuna hasara: mtu aliyedhulumiwa shamba lake, au aliyezika mtoto aliyeuawa, anafika kanisani na hakuti sala inayolingana na hasira aliyo nayo. Akiambiwa tu asamehe, ataitafuta sala ya kulaani kwingine, na wauzaji wake wapo.

7. Na Wimbo Ulio Bora?

Harusini, sura ya 8 mistari miwili, "upendo una nguvu kama mauti." Kisha unafungwa mpaka harusi nyingine. Sababu unaijua.

## Fedha

8. Mbona Malaki 3:10 tunaisikia kila Jumapili na mingine ya Malaki hatuisikii?

Kwa sababu mstari wa 10 unaleta zaka ghalani. Kitabu kizima ni sura nne fupi. Unakimaliza kabla chai haijapoa. Ukikisoma utaona sura ya 1 inawakemea makuhani wanaotoa wanyama vipofu na vilema madhabahuni, na sura ya 2 inaanza kwa kuwaambia wazi kwamba amri ile inawahusu wao. Halafu, mistari mitano tu kabla ya ule wa zaka, Malaki 3:5, Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomdhulumu mfanyakazi mshahara wake na wanaomwonea mjane, yatima na mgeni. Sijawahi kuona 3:5 imeandikwa kwenye bahasha ya sadaka.

Kuna sehemu nyingine ya zaka inayorukwa kwa uangalifu zaidi: Kumbukumbu la Torati 14:22–29. Pale mtoa zaka anaila mwenyewe na nyumba yake mbele za Bwana. Akiwa mbali, anaiuza, anabeba fedha, akifika ananunua chochote roho yake inachotamani: ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo. Asimsahau Mlawi. Na kila mwaka wa tatu zaka inabaki mjini kwake kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe.

Je, hii ina maana usitoe? Hapana. Mchungaji hali hewa, na bati la kanisa halijipigilii misumari. Maana yake ni kwamba anayekufundisha zaka kwa mstari mmoja amekuficha mingine inayoeleza zaka inakwenda wapi, na una haki ya kumwomba aifungue.

9. Nehemia tunahubiriwa sana. Kipi kimerukwa?

Sura ya 5. Ukiona kanisa linaanza ujenzi, tarajia Nehemia sura ya 2 hadi ya 4: tuondoke tujenge, kila mtu na tofali lake. Ni mahubiri mazuri ya harambee. Kisha wanarukia sura ya 6 ukuta unakamilika.

Katikati ujenzi unasimama kwa kelele za watu. Wanawake kwa wanaume wanalia: tumeweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba tupate nafaka, tumekopa kulipa kodi ya mfalme, watoto wetu wanakuwa watumwa. Wanaowakopesha ni ndugu zao, wakubwa wa mji uleule. Nehemia anaitisha mkutano, anakiri kwamba hata yeye na jamaa zake wamekopesha, na anaagiza mashamba na nyumba zirudishwe, na riba iachwe, siku hiyohiyo. Halafu anaeleza kwamba kwa miaka 12 ya uliwali wake hakula posho ya liwali.

Mtu yeyote wa Dar es Salaam au Mwanza anayejua mikopo ya kausha damu, ile ambayo mama wa genge akichelewa marejesho wanabeba friji na godoro, hahitaji kuelezwa sura hii. Tatizo ni kwamba mkopeshaji naye anaweza kuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyeahidi mifuko ya saruji.

10. "Kichwa wala si mkia" ni ahadi ya kila mtu?

Maneno yako Kumbukumbu la Torati 28:13. Baraka za sura hiyo ni mistari 14. Laana zinazofuata ni mistari 54, na katika mstari wa 44 mambo yamegeuzwa: mgeni atakuwa kichwa, wewe utakuwa mkia. Zote zina sharti moja, kulishika agano, na zinasemwa kwa taifa zima. Anayeitangaza ya kwanza peke yake amekata mkataba katikati. Vivyo hivyo Yeremia 29:11, "mawazo ya amani": mstari wa 10 unasema itakuwa baada ya miaka 70.

## Utawala na mamlaka

11. Kwa nini Warumi 13 husomwa wakati wa uchaguzi na Ufunuo 13 hapana?

Warumi 13 inasema mamlaka imetoka kwa Mungu. Ufunuo 13 inaionyesha mamlaka kama mnyama anayekufuru. Mhubiri mwenye mkuu wa wilaya kwenye kiti cha mbele atachagua ya kwanza. Mwaka 1985 wanateolojia wa Afrika Kusini waliandika katika Waraka wa Kairos kwamba serikali ya ubaguzi ilikuwa ikiitumia Warumi 13 kujipa utakatifu, nao wakaielekeza nchi kwenye Ufunuo 13. Ongeza 1 Samweli 8, Samweli akiorodhesha atakachochukua mfalme: wana, mabinti, mashamba, na sehemu ya kumi ya mbegu. Hiyo nayo ni sehemu ya kumi, kama bado unafikiria swali la 8.

12. Kuna wakati Biblia ilikatwa makusudi na kuchapishwa hivyo?

Ndiyo. Mwaka 1807, London, kilichapwa kitabu cha "sehemu za Biblia Takatifu" kwa ajili ya watumwa Waafrika wa makoloni ya Waingereza huko Karibi. Kati ya sura 1,189 zilibaki 232. Yusufu alibakizwa, auzwe na awe mtumwa mwema Misri. Musa akiwatoa watu Misri aliondolewa. Wagalatia 3:28, hakuna mtumwa wala huru, haimo. Waefeso 6:5, watumwa watiini bwana zenu, imo. Ufunuo wote haumo. Nakala zinazojulikana leo ni tatu.

Ninaitaja kwa sababu ni kipimo kizuri. Hakuna neno hata moja la uongo lililoongezwa katika kitabu kile. Waliondoa tu.

13. Mbona wazee wa imani walikuwa na wake wengi na halizungumzwi?

Wamisionari walijua swali hili tangu watu walipoanza kusoma Agano la Kale kwa lugha zao na kumkuta Yakobo. Mkutano wa Lambeth, ule wa maaskofu Waanglikana, mwaka 1888 uliamua mwenye wake wengi asibatizwe. Miaka 100 baadaye, 1988, mkutano huohuo ukakubali abatizwe pamoja na wake na watoto walioamini, kwa masharti: asioe tena, na jamii ya waamini ya mahali ikubali. Ukasema asilazimishwe kuwaacha wake kwa sababu wao ndio wangeumia.

Ninachosikitikia ni Kumbukumbu la Torati 21:15–17. Mwanamume ana wake wawili, mmoja anapendwa na mwingine hapendwi. Sheria inamkataza kumnyang'anya urithi mzaliwa wa kwanza wa yule asiyependwa. Kwa kuwa kanisa limeamua ndoa za mitala hazipo, mistari hii haisomwi, wakati kesi za mirathi za nyumba kubwa na nyumba ndogo zimejaa mahakama za mwanzo.

## Mambo ya pembeni

14. Biblia yangu haina Mathayo 17:21. Imerukwa?

Hiyo ni habari nyingine kabisa. Mstari wa kusali na kufunga haumo katika nakala za zamani za Mathayo kama Sinaitiko na Vatikano za karne ya 4. Wanazuoni wengi wanaona wanakili waliuleta kutoka Marko 9:29. Baadhi ya tafsiri huuweka kwenye mabano, nyingine huushusha tanbihi. Vilevile vitabu saba ambavyo Wakatoliki wanavyo na Waprotestanti hawana (73 dhidi ya 66) ni suala la orodha ya vitabu, na Wahabeshi Waorthodoksi wanahesabu 81. Hakuna anayeficha.

15. Watoto je?

Usiwasomee Waamuzi 19. Kuruka kwa sababu ya umri ni busara. Tatizo huanza mtu anapofika miaka 50 na bado anafundishwa Biblia ya shule ya Jumapili: safina, Danieli, samaki wa Yona.

16. Walawi hausomwi na mtu yeyote?

Unasomwa sana, inategemea na nani. Wasabato wanaishi sura ya 11 kila wanapokaa mezani. Akorino wa Kenya, wenye vilemba vyeupe, wanavua viatu wanapoingia kusali kama Musa kichakani, na sheria za usafi kwao si historia. Halafu wote, pamoja na sisi, tunapita haraka sura ya 25, mwaka wa yubile, ardhi ikirudi kwa wenyewe.

17. Lakini hata Yesu hakukatisha Isaya katikati?

Alikatisha. Luka 4, Nazareti: anasoma Isaya 61 na kufunga chuo kabla ya "siku ya kisasi." Wanaotetea kuruka hupenda mfano huu. Wasome mistari inayofuata. Alipokwisha kuacha kisasi ambacho wasikilizaji wake wangekifurahia, aliwakumbusha mjane wa Sarepta na Naamani Mshami, wageni waliopata walichokosa Waisraeli. Wakataka kumtupa bondeni. Alikata kilichowapendeza, akaongeza kilichowauma.

18. Nataka tusome sura hizi kwetu. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye tangazo la Jumapili wala kwa kumbana mchungaji mbele za watu. Hapo utajibiwa kama mwasi. Jumuiya ndogo ndogo ni mahali pazuri kwa sababu watu ni wachache na wanafahamiana. Omba mara moja kwa mwezi msome sura nzima ya somo la Jumapili, pamoja na mistari iliyoachwa. Nehemia 5 ni mwanzo mzuri: kila mtu ana la kusema. Mwambie Baba Paroko au Mchungaji mapema, asije akasikia kwa watu.

Kwa 2 Samweli 13 nenda taratibu. Katika chumba chenye watu kumi na tano, uwezekano wa kuwapo aliyepitia hayo ni mkubwa. Wanawake wapewe nafasi ya kukaa peke yao kwanza, mtu asishinikizwe kutoa ushuhuda, na kinachosemwa kisitoke nje ya mlango. Anayeongoza ajue tangu kabla atampeleka wapi atakayefunguka: dawati la jinsia na watoto la polisi, fomu ya PF3 (ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali), zahanati ipi iko wazi usiku, na nani ataandamana naye. Kama hayo hayajapangwa, ahirisheni sura hiyo hadi yapangwe.